Biskuti, brauni na vitamutamu vya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo vyote hapa chini ni vya gramu pale inapowezekana, na joto ni la oveni ya kawaida isiyo na feni. Oveni yako ikiwa na feni, punguza nyuzi 20. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni mililita 15, na vyote vinapimwa vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, si vya mlima.

Sijawahi kuoka biskuti. Nianze na zipi?

Anza na biskuti za siagi, kwa sababu zina vitu vitatu tu na ukikosea utajua kosa liko wapi. Kanuni yake ni moja, mbili, tatu kwa uzito: sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300, na chumvi nusu kijiko cha chai. Changanya siagi laini na sukari hadi vishikane, tia unga na chumvi, kusanya kwa vidole bila kukanda kama chapati. Shindilia kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20, toboatoboa kwa uma, kisha oka kwa nyuzi 160 kwa dakika 35 hadi 40, mpaka kingo ziwe na rangi ya mchanga mkavu. Kata vipande ingali moto. Ikipoa itavunjikia mkononi mwako.

Ukishaziweza, ingia kwenye biskuti za chokoleti. Kipimo hiki kinatoa takribani 20:

Siagi laini gramu 170, sukari ya kahawia gramu 150, sukari nyeupe gramu 100, yai moja na kiini kimoja cha ziada, vanila vijiko 2 vya chai, unga gramu 280, bekingi soda robo tatu ya kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, chokoleti iliyokatwakatwa gramu 200.

Piga siagi na sukari zote mbili kwa dakika 2 au 3. Ongeza yai, kiini na vanila, piga tena mpaka mchanganyiko ung'ae. Chekechea unga, soda na chumvi humo, changanya kwa mwiko hadi usione tena unga mkavu, hapo hapo acha. Tia chokoleti. Weka kwenye friji angalau nusu saa, fanya madonge ya gramu 45, yapange kwa nafasi ya sentimita 6, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12.

(Biskuti za aina hii zilianzia kwa Ruth Wakefield, aliyeendesha nyumba ya wageni ya Toll House huko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1930. Simulizi kwamba zilitokea kwa bahati tu ni ngumu kuiamini: alikuwa mpishi aliyesomea kazi yake.)

Mizani ni lazima? Mimi nina kikombe tu.

Si lazima, ila ndicho kifaa cha kwanza tunachokushauri ununue, kabla hata ya mashine ya kuchanganyia. Kikombe kimoja cha unga kikijazwa kwa kijiko kidogo kidogo na kusawazishwa huwa na gramu 120 hadi 125. Kikombe hicho hicho ukikitumbukiza ndani ya mfuko na kukishindilia, kinafika 150 au kuzidi. Kwa mapishi ya vikombe viwili umeshaongeza zaidi ya gramu 50 za unga bila kujua, halafu unalaumu mapishi kwamba biskuti zimetoka kavu kama matofali.

Ukibaki na kikombe: tikisa au koroga unga kwanza, ujaze kwa kijiko, pitisha mgongo wa kisu juu. Sukari nyeupe ni gramu 200 kwa kikombe. Ya kahawia ishindiliwe hadi ikigeuzwa itoke na umbo la kikombe.

Biskuti zangu zinatambaa hadi trei nzima inakuwa biskuti moja. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu lake karibu kila mara ni siagi iliyopata joto kupita kiasi kabla haijaingia ovenini.

Ndani ya oveni kuna mashindano. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, yaani mapema sana. Yai na wanga wa unga huchelewa kushika. Muda wote huo wa katikati donge halina kitu cha kulizuia, linatambaa. Donge likiingia likiwa la baridi, siagi huchelewa kuyeyuka na kingo hupata nafasi ya kukaza kabla katikati haijasambaa. Likiingia likiwa la uvuguvugu, limeshashindwa.

Kwa hiyo angalia siagi kwanza. "Siagi laini" maana yake ni nyuzi 18 hadi 20 hivi: ukibonyeza kidole kinaacha shimo, lakini siagi haitelezi wala haing'ai kwa mafuta. Kama jikoni kwako kuna joto, siagi ya kwenye meza imeshapita hapo zamani. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, subiri dakika 15 tu. Wengi wanaiacha kutwa nzima kwa sababu mapishi yamesema "joto la chumba", na chumba chenyewe kina nyuzi 30.

Ikiwa siagi haina hatia, pita kwenye haya:

Trei ilikuwa ya moto. Ukitoa awamu ya kwanza na kupanga madonge mapya kwenye trei ile ile ingali moto, siagi inaanza kuyeyuka mezani. Ipitishe chini ya maji ya bomba, ikaushe, au tumia trei mbili kwa zamu.

Trei imepakwa mafuta. Biskuti haihitaji. Mafuta yanaitelezesha. Tandika karatasi ya kuokea.

Umepiga siagi na sukari muda mrefu kama wa keki. Hewa nyingi huinua biskuti halafu inaanguka na kuwa bapa. Dakika 3 zinatosha.

Sukari imezidi. Sukari ikipata joto inayeyuka na kuwa uji, kwa hiyo kuipunguza au kuiongeza kunabadilisha umbo, si utamu pekee.

Oveni haijafika joto lake. Taa ikizimika haina maana kuta za ndani zimeshapata moto, subiri dakika 15 zaidi. Na kitufe cha oveni za nyumbani kukosea kwa nyuzi 10 au 20 ni jambo la kawaida. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakuambia ukweli.

Kabla ya kuoka trei nzima, oka moja tu ya majaribio. Ikitambaa, rudisha donge kwenye friji saa moja. Ikiendelea kutambaa hata baada ya kupoa, ongeza vijiko 2 vya chakula vya unga.

Zangu ni kinyume: zinabaki vibonge, hazitandazuki.

Unga umezidi, au donge lilikuwa la baridi kali. Bonyeza kila donge kwa kiganja kabla ya kuoka, na safari ijayo pima unga vizuri.

Bekingi soda na bekingi pauda si kitu kimoja?

Hapana, na ukibadilishana kijiko kwa kijiko utaona cha moto. Soda ni alkali tupu. Inahitaji kitu chenye uchachu ili itoe gesi: sukari ya kahawia (ule weusi wake ni molasi, nayo ina asidi kidogo), mtindi, maji ya limau, asali, kakao ya kawaida. Pauda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu pamoja na wanga, kwa hiyo inajitegemea. Soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya pauda. Kama huna soda, tumia pauda mara tatu. Kama huna pauda, robo kijiko cha chai cha soda hushika nafasi ya kijiko kimoja cha pauda, mradi ndani kuna kitu cha uchachu.

Soda ikizidi utaijua: ladha ya sabuni, na rangi inaiva haraka kabla ndani hapajaiva. Hilo la rangi lina sababu. Kubadilika rangi kwa biskuti hutokana zaidi na protini na sukari kukutana kwenye joto, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912, na mazingira ya alkali yanaliharakisha. Ndiyo maana soda kidogo inatia biskuti rangi nzuri kuliko pauda.

Unashuku ya kwako imekufa? Dondoshea soda siki, na pauda maji ya moto. Isipochemka kwa povu mara moja, itupe.

Naweza kutumia majarini badala ya siagi? Na mafuta ya kupikia?

Majarini ngumu ya kipande, iliyoandikwa mafuta asilimia 80, inafanya kazi vizuri, ladha tu ndiyo inapungua. Ya kopo laini ya kupaka mkate ina maji mengi. Ukitumia hiyo biskuti zitatambaa na kutoka na mwili wa mkate. Soma kibandiko kabla ya kuitia.

Mafuta ya maji hayawezi kushika hewa yakipigwa na sukari, hivyo utapata biskuti nzito zenye kutafuna. Kwenye brauni (vipande vizito vya chokoleti vinavyookwa kwenye trei na kukatwa) hilo ni zuri. Tumia gramu 80 za mafuta kwa kila gramu 100 za siagi, maana takribani sehemu ya tano ya siagi ni maji na mabaki ya maziwa.

Na kama unataka biskuti zenye harufu ya karanga bila karanga, ikaange siagi. Iweke kwenye sufuria yenye ndani ya rangi ya fedha, moto wa wastani. Itayeyuka, itachemka kwa kelele, hayo ni maji yanayotoka. Kelele zikipungua povu jepesi litapanda juu, na hapo usiondoke: koroga ukikwangua chini, mpaka uone chembechembe za rangi ya mdalasini. Mimina kwenye bakuli mara moja pamoja na chembe zake, kwani sufuria moto itaendelea kuziunguza. Gramu 170 zitabaki kama 140, kwa hiyo ongeza kijiko kikubwa au viwili vya maji kwenye donge, kisha ipoe hadi igande upya kabla ya kuendelea.

Nitajuaje zimeiva? Nikizitoa laini zinaonekana mbichi.

Zitoe zikiwa zinaonekana mbichi. Tazama kingo, si katikati: zikiwa zimekauka na kuanza kushika rangi, na katikati pamefura bado pana unyevu lakini hapang'ai, toa. Biskuti huendelea kuiva juu ya trei kwa dakika 5 nyingine. Ukisubiri katikati pakauke ovenini, baada ya saa moja utakuwa na kitu cha kuchovya kwenye chai tu. Baada ya hizo dakika 5, zihamishie kwenye waya wa kupozea, la sivyo mvuke utalainisha chini.

Chini zinaungua na juu bado nyeupe.

Trei nyeusi hunyonya joto kuliko ya rangi ya fedha. Kama huna nyingine, weka trei mbili moja ndani ya nyingine, pandisha ngazi moja juu, na punguza nyuzi 10. Gesi inayowaka chini pekee ndiyo hali yake, hivyo geuza trei mbele nyuma katikati ya muda.

Tofauti ya biskuti laini na ile ya kuvunjika kwa mlio inatoka wapi?

Inatoka kwenye unyevu. Sukari ya kahawia na kiini cha yai huvuta upande wa ulaini. Sukari nyeupe, ute wa yai na muda mrefu kwenye moto mdogo huvuta upande wa ukavu. Kwenye kipimo cha biskuti za chokoleti hapo mwanzo, geuza sukari (nyeupe 150, kahawia 100), toa kile kiini cha ziada, oka dakika 3 zaidi kwa nyuzi 170.

Kuna zilizopitiliza kabisa: biskuti za kuokwa mara mbili. Hutengenezwa kama mkate mrefu, huokwa nyuzi 175 kwa dakika 25 hadi 30, hupoa robo saa, hukatwa vipande vya sentimita moja na nusu kwa kisu cha meno, kisha hurudi kwa nyuzi 150, dakika 10 kila upande. Hizo ndizo zenye haki kamili ya jina: neno biskuti, ukilifuata hadi Kifaransa, ni "iliyopikwa mara mbili".

Brauni yangu imekuwa keki. Nifanyeje iwe nzito?

Umeweka unga mwingi, umepiga sana, au umeoka kupita kiasi. Mara nyingi ni hili la tatu. Kipimo cha trei ya sentimita 20 kwa 20: siagi gramu 150 na chokoleti nyeusi gramu 150 ziyeyushwe pamoja, sukari gramu 200, mayai 3, unga gramu 90, kakao gramu 25, chumvi nusu kijiko cha chai. Hakuna pauda, na usiiongeze kwa huruma. Nyuzi 175, dakika 22 hadi 26.

Choma kijiti. Kikitoka kisafi, umechelewa. Kikitoka na uji, ongeza dakika 3. Unachotaka ni chembe zenye unyevu zilizoganda kwenye kijiti. Ile ngozi nyembamba inayong'aa juu hutokana na sukari iliyoyeyukia kwenye mayai, kwa hiyo piga mayai na sukari kwa nguvu dakika 3 hadi 4 kabla ya kumimina chokoleti, kisha unga uingie taratibu kwa mwiko.

Usikate ingali moto. Iache ipoe, uiweke friji saa moja, kata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mkato.

Trei yangu si ya ukubwa ulioandikwa.

Linganisha eneo, si upande mmoja. Sentimita 20 kwa 20 ni 400 za mraba. Trei ya 23 kwa 33 ni 759, karibu mara mbili, basi zidisha kipimo chote kwa mbili. Ukimimina kipimo cha trei ndogo kwenye kubwa utapata kaki.

Vipande vya oti vinasambaratika nikikata.

Gundi yake ni sukari na asali iliyopikwa, na gundi haishiki kitu kisichobanwa. Yeyusha siagi gramu 150, sukari ya kahawia gramu 100 na asali gramu 150 hadi sukari iyeyuke kabisa, changanya na oti gramu 300. Mimina, tandika karatasi juu, kisha kandamiza kwa kitako cha glasi kwa nguvu zako zote, hasa pembeni. Nyuzi 160, dakika 25 hadi 30. Ikitoka, kandamiza tena, chora mistari kwa kisu ingali moto, lakini ukate imepoa kabisa.

Sina oveni.

Sufuria nene yenye mfuniko unaobana inatosha kwa biskuti chache kwa mara moja. Tandaza chini chumvi ya mawe au mchanga safi mkavu unene wa sentimita 2, weka kisimamio cha chuma juu yake, funika, pasha moto wa wastani dakika 15. Panga madonge madogo ya gramu 25 kwenye sahani ya bati, funika na uanze kutazama baada ya dakika 15. Rangi ya juu haitakuja kwa sababu joto liko chini pekee. Kama jiko ni la mkaa, weka makaa machache juu ya mfuniko, na yawe mengi juu kuliko chini.

Au acha moto kabisa: ponda biskuti kavu gramu 200, changanya na chokoleti gramu 200 iliyoyeyushwa na siagi gramu 100 pamoja na asali vijiko 2 vya chakula. Shindilia kwenye trei, friji saa 3, kata.

Chokoleti nilikuwa nayeyusha, ghafla imekuwa kama udongo.

Imeingiwa na tone la maji, labda mvuke au kijiko kibichi. Maji kidogo huifanya sukari na kakao zigandamane. Ajabu ni kwamba dawa yake ni maji zaidi: ongeza maji ya moto au maziwa kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, itarudi laini. Haitafaa tena kupaka juu ya biskuti ikauke, lakini kwa brauni au mchuzi wa chokoleti haina neno. Ikiwa imeungua, yaani ina harufu ya moshi, hakuna wokovu.

Nioke bila mayai vipi?

Kwa kila yai, kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa na vitatu vya maji, viache dakika 10 vivute. Ndizi mbivu iliyopondwa gramu 60 inafaa pia, ila kila kitu kitanukia ndizi.

Kulamba donge bichi kuna ubaya?

Kuna. Watu huhofia mayai na kusahau unga, ambao haujapikwa na unaweza kubeba bakteria kutoka shambani. Mwaka 2009 huko Marekani donge la biskuti la kununuliwa lilihusishwa na mlipuko wa E. coli. Watoto wapewe kijiko cha chokoleti.

Zinakaa muda gani, na nitazipelekaje kwa mtu wa mbali?

Biskuti laini siku 3 hadi 5 kwenye chombo kinachobana, kavu hadi wiki mbili, brauni siku 4. Usichanganye laini na kavu chombo kimoja: unyevu utahama, utabaki na aina moja mbaya. Laini zikikauka, tia kipande cha mkate usiku mmoja. Kavu zikilegea, zirudishe ovenini nyuzi 150 dakika 5.

Kugandisha ni bora ugandishe madonge kuliko biskuti zilizoiva. Yapange kwenye trei yagande, kisha yaingie mfukoni, miezi 3. Yaoke yakiwa barafu hivyo hivyo, ongeza dakika 2 au 3.

Kwa safari chagua za siagi, za oti au brauni. Zenye chokoleti ya kupakwa juu huyeyuka njiani. Zifunge mbili mbili, migongo ikigusana, zisimame kama sahani kwenye kabati, na ujaze kila pengo kwa karatasi iliyofinyangwa. Tikisa boksi kabla ya kulifunga: ukisikia kitu kinacheza ndani, ongeza karatasi. Na kama ndani kuna karanga, maziwa au mayai, andika juu ya mfuniko, hata kama anayepokea ni ndugu yako wa damu, maana hujui atamgawia nani.